Nimekata tiketi miaka sita: hivi ndivyo ukumbi unavyomfukuza mtu bila kumwambia "toka"

#1 MkataTiketi (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Uzi huu nimeukalia muda mrefu. Kwa miaka sita nilikuwa mkata tiketi kwenye ukumbi mmoja wa maonyesho hapa Dar. Jina nalihifadhi kwa sababu kuna watu bado wanapata riziki pale, halafu haya nitakayosema nimeyakuta na kwenye kumbi nyingine nilizoingia kama mtazamaji. Maigizo, taarabu, ngoma, mashairi, vichekesho, vyote vimepita dirishani kwangu. Dirisha lenyewe lilikuwa na tundu la kupitishia mkono, limetobolewa usawa wa kifua cha mtu aliyesimama. Likumbukeni hilo tundu.

Kila mwisho wa mwaka kulikuwa na kikao. Wakubwa wanauliza kwa nini sura ni zile zile, watu mia moja wanaojuana wote. Jibu lilikuwa tayari mfukoni: Mtanzania hapendi maigizo ya jukwaani, Mtanzania ni mpira na bongo fleva. Mimi niko pembeni nahesabu soda zilizobaki, nanyamaza. Lakini hao "wasiopenda" nilikuwa nawaona kwa macho yangu. Wanashuka kwenye bajaji, wanakuja mpaka getini, wanasimama kidogo, wanageuka.

Tena mwenye umri wangu atakumbuka. Miaka ya 1980 na 1990 vikundi vya sanaa kama Muungano, na baadaye TOT (Tanzania One Theatre), vilikuwa vinajaza kumbi za starehe na mabaa ya mjini: ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo, taarabu, vyote usiku mmoja. Mama muuza samaki anakaa meza jirani na karani wa benki. Hakuna aliyesema hapendi jukwaa.

Sasa kisa kimoja, vingine nitaongeza uzi ukichangamka.

Jumamosi moja alikuja mama kutoka Mbagala na kijana wake wa kama miaka ishirini, yuko kwenye kitimwendo. Mmoja wa waigizaji alikuwa jirani yao, ndiye aliyewaambia. Mama kavaa khanga zake safi za siku ya kutoka. Mlinzi akamkatia njia: "Mama, unaenda wapi? Huku kuna onyesho." Mbele yao alikuwa amepita Mzungu mmoja na kaptula na ndala, hakuulizwa kitu. Mama akaeleza, wakapita. Wakafika kwangu. Kijana alitaka kulipa mwenyewe, pesa kaishika mkononi, lakini tundu liko juu yake. Ikabidi ampe mama, mama anipe mimi, na mimi nikajikuta naongea na mama kana kwamba mwenye pesa hayupo. Kisha ngazi tatu. Mabaunsa wawili wakambeba yeye na kiti chake, watu wameshika vinywaji wanatazama. Ndani hakuna nafasi ya kiti kile, akawekwa kwenye njia ya kupita, kila anayechelewa anamruka miguu. Mapumziko akataka kwenda msalani. Mlango wa choo ulikuwa na upana wa sentimita sitini.

Waliondoka mapumzikoni. Mama akapita dirishani kwangu akasema, "Asante mwanangu, tumeona."

Yule mama sikumwona tena. Na kwenye ripoti ya mwaka wale wawili waliandikwa kama tiketi mbili zilizouzwa.

Ngazi mtu anaziona. Kuna vitu vinavyofukuza zaidi ya ngazi na havionekani. Bango lote Kiingereza wakati igizo lenyewe ni la Kiswahili. Mshereheshaji anaanza na Kiingereza dakika kumi, neno la Kiswahili ni "karibuni" tu. Onyesho limetangazwa saa moja na nusu usiku, linaanza saa mbili na robo kumsubiri mgeni rasmi, linakwisha saa nne na nusu. Mwenye gari haimuumi. Anayerudi Gongo la Mboto anaanza kutazama saa kuanzia saa tatu, na nauli ya bodaboda usiku huo inaipita bei ya tiketi. Nimewaona wanaochungulia mwisho wa igizo wakiwa wamesimama mlangoni, mguu mmoja nje.

Karibuni tuchangie. Wenye kumbi, wasanii, watazamaji, hata msiowahi kuingia. Hasa msiowahi kuingia.

#2 KarangaMbichi

Natia nanga. Niko pale mbele nimekaa na kahawa.

#3 HesabuKali

Mkuu umeandika kwa hisia, hongera, ila tuongee pesa. Kumbi hizi nyingi zinaishi kwa misaada. Leo mfadhili akikohoa, taa zinazimwa. Unataka wajenge njia za vitimwendo, wabomoe vyoo, waajiri wakalimani, waanze mapema, washushe bei. Kwa fungu lipi? Mtu mwenye kitimwendo anakuja mmoja kwa miezi mitatu. Biashara haijengwi kwa mtu mmoja.

#4 MkataTiketi

HesabuKali, nilijua utakuja, na nakushukuru maana ndiyo maneno ya kikaoni.

Anakuja mmoja kwa miezi mitatu kwa sababu wa kwanza alikwenda kuwaambia wenzake alivyobebwa kama gunia.

Hesabu basi. Kipimo wanachotumia mafundi wengi kwa njia ya mteremko ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita moja ya kupanda, sentimita kumi na mbili za urefu. Ngazi zetu tatu zilikuwa za sentimita 17 kila moja, jumla 51. Zidisha, unapata mita sita na kidogo. Kama mbele hakuna mita sita za kunyoosha, unaikunja katikati na kuweka pa kupumzikia. Ni zege na bomba la kushikia. Onyesho moja la mgeni rasmi lilikula zaidi ya hapo kwa maua na hema. Kuteremsha tundu la dirisha ni kazi ya seremala nusu siku. Bango la Kiswahili ni bure kabisa, ni kalamu tu.

Na viti vyetu vilikuwa 250. Tunauza 100, vile 150 vinakaa na vumbi. Ukiuza 60 kati ya hivyo kwa elfu tano badala ya elfu kumi na tano, ni laki tatu ambazo hukuwa nazo. Kiti kitupu hakilipi umeme.

#5 MagurudumuManne

Nimesoma kisa cha yule kijana nikaweka simu chini kwanza.

Mimi natumia kitimwendo mwaka wa kumi na moja sasa. Ombi langu kwa kila mwenye ukumbi: msitubebe. Najua mnabeba kwa nia njema. Ila mtu akikushika kiti bila kukuuliza ni kama mtu akushike kiuno barabarani akuvushe. Na mkono ukiteleza, anayevunjika ni mimi.

Jambo la pili, mkishatengeneza njia msitupeleke mlango wa nyuma, kwenye mapipa na jenereta. Nilishaingia sehemu hivyo, nikatokea jikoni, mpishi akadhani nimekuja kuomba. Nataka kupita pale wanapopita wote, nipigwe picha na mimi kwenye lile zulia.

Tatu, viti. Mkitoa viti viwili vya mbele mkasema "hapa ni pa walemavu", mke wangu anakaa wapi? Huwa tunatenganishwa kama tupo kanisa la zamani. Weka kiti cha kutoka na kuingia, kiondoke nikija mimi, kirudi nisipokuja. Na kisiwe mbele kabisa, shingo inauma, wala nyuma kabisa.

Sheria ipo, kwa wanaopenda sheria. Tanzania imeridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu tangu 2009, na ibara ya 30 inataja kumbi za maonyesho na sinema kwa majina yake. Mwaka uliofuata tukapata sheria yetu ya mwaka 2010. Sihitaji kuhurumiwa, nahitaji mlango wa sentimita themanini.

Halafu mleta mada umesema watazamaji tu. Jukwaani je? Nimeona kumbi zina njia nzuri kwa watazamaji, jukwaa lenyewe ngazi saba. Maana yake walishaamua kwamba sisi ni wa kutazama. Waulizeni Staff Benda Bilili wa Kinshasa, wanamuziki waliopooza kwa polio, na baiskeli zao za magurudumu matatu jukwaani. 2010 filamu juu yao ilioneshwa Cannes, Ufaransa. Ukerewe nako watu wenye ualbino walirekodi albamu 2017 ikasikika dunia nzima. Nani aliwahi kuwaalika kwenye hizi kumbi zenu?

#6 FundiTaa

Mimi ni fundi mitambo, taa na sauti. Nitakiri dhambi yangu.

Kuna onyesho walimleta mkalimani wa lugha ya alama. Wakamweka pembeni kushoto, nje ya jukwaa. Mimi sina habari naye, hakuna aliyeniambia. Igizo likaingia usiku, nikazima taa zote nikaacha mwezi wa bluu katikati. Dakika kumi na mbili nzima mkalimani anatafsiri gizani. Nilikuja kuambiwa mwezi mmoja baadaye na mtu aliyekuwepo. Taa moja ndogo ya kumwangazia kifuani na usoni ningeifunga kwa dakika tano.

Siku hizi nauliza kwanza. Nauliza na kuhusu taa za kumwekamweka, zile za kasi. Zinaweza kumwangusha mwenye kifafa, na wenye ualbino zinawaumiza macho. Kikundi kikizitaka lazima, naandika kibao mlangoni: onyesho hili lina taa za kumwekamweka na mlio wa risasi. Mtu achague mwenyewe.

#7 MikonoInasema

FundiTaa asante kwa ukweli. Mimi ni kiziwi, na huenda nilikuwepo siku hiyo au siku inayofanana nayo, maana zipo nyingi.

Naomba kuongeza. Mkalimani anayeletwa saa moja kabla ya onyesho hajui igizo. Anasikia neno kwa mara ya kwanza pamoja na watazamaji. Utani ukipita, sisi tunacheka baada ya watu wote kumaliza, kama mwangwi. Mpeni mswada wiki mbili, aje mazoezini mara mbili. Mwiteni na kiziwi mmoja akae amtazame, aseme hapa hueleweki. Na tuambieni mapema onyesho gani lina mkalimani, msitungoje tuulize, kwa sababu namba mnayoweka kwenye tangazo ni ya kupiga tu. Weka na ya ujumbe.

Na lile neno "bubu" wapo washereheshaji bado wanalitumia wakidhani wanatukaribisha. "Leo tuna wageni wetu mabubu, tuwapigie makofi." Viziwi. Na makofi ya kwetu ni mikono juu, unaitikisa.

#8 KarangaMbichi

Nimejifunza kitu hapo kwenye makofi. Kahawa imepoa.

#9 WaRiverRoad

Jirani zenu kutoka Nairobi tumeingia.

Mnalia na ngazi tatu, sisi ukumbi wetu wa taifa ulijengwa na mkoloni. Ulifunguliwa Novemba 1952, wiki chache tu baada ya hali ya hatari kutangazwa. Hebu fikirieni: mji unasakwa nyumba kwa nyumba, na pale ng'ambo ya hoteli ya Norfolk watu wanavaa tai kwenda kutazama maigizo ya kwao. Uhuru ukaja, lakini bado 1976 wasanii Wakenya waliokuwa wakijiandaa kwa tamasha la Lagos walipewa siku chache tu za kuonyesha kazi zao mle, zikabanwa katikati ya maonyesho ya wageni. Watu walifurika. Igizo la Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, likiisha, watazamaji wanatoka wakiimba na kucheza mpaka barabarani. Halafu mtu aseme watu hawapendi tamthilia.

Lakini mfano ninaotaka kuuleta ni Kamirithu, Limuru, 1977. Pale hapakuwa na ukumbi kabisa. Wanakijiji, wengi wao vibarua wa mashamba ya chai na wa kiwanda cha viatu, walijenga jukwaa lao wazi, la kuketi watu elfu mbili, kwa mikono yao. Igizo la Kikuyu, la akina Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yalifanyika hadharani. Mzee anapita na jembe, anasimama, anasema hapana, mwajiri haongei hivyo na kibarua, anaongea hivi. Wanabadilisha. Siku ya onyesho lenyewe nusu ya watazamaji walikuwa wanajua maneno. Leseni ikafutwa baada ya wiki sita hivi, Ngũgĩ akawekwa kizuizini mwisho wa mwaka huo, na Machi 1982 polisi wakaja wakabomoa uwanja wenyewe.

Ukisoma orodha za siku hizi za "kukaribisha jamii" utakuta semina, vipeperushi, vikofia. Kamirithu walifanya kitu kimoja, walifungua mazoezi. Kwa nini kumbi zenu, na zetu, zinafunga mazoezi kwa kufuli?

Jengo letu lilikarabatiwa likafunguliwa tena 2015, limependeza. Lugha ya alama ya Kenya ni lugha rasmi ya Bunge, imo kwenye katiba ya 2010. Yaani mbunge anatafsiriwa akisinzia, mwigizaji hatafsiriwi akiwa macho.

#10 HesabuKali

Hiyo ya mbunge nimecheka hadi mke wangu ameniuliza.

Ila Malya mmeisahau, ya kwetu hapa hapa. 1982 na 1983, walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Muhando na Amandina Lihamba wakiwemo, walikwenda kijiji cha Malya, wilaya ya Kwimba, Mwanza. Hawakubeba igizo mkononi. Waliuliza wanakijiji nini kinawasumbua, likatoka suala la watoto wa shule kupata mimba, vijana wakalicheza kwa ngoma zao wenyewe. Mjomba wangu ni wa Kwimba, ndiye aliyenisimulia.

Kwa hiyo sipingi watu kukaribishwa. Napinga gharama zisizo na mwenyewe. Hiyo ya kufungua mazoezi nimeielewa, haina gharama.

#11 BintiWaMalindi_Unguja

Assalamu alaikum. Mwanzilishi wa uzi, kwenye saa umesema kweli, lakini tazama na upande wetu.

Ukianza saa moja na nusu usiku umenikamata katikati ya Magharibi na Isha. Nije na udhu wangu, niswali wapi? Kumbi nyingi hazina hata kona ya mkeka. Kwa hiyo mimi ningetaka saa mbili na nusu, baada ya Isha. Na wewe wa Mbagala unataka mapema uwahi gari. Nani ashinde?

Sisi Ngome Kongwe tumezoea raha nyingine. Uwanja uko wazi, mtu anakaa kwenye mawe, mtoto analala kwenye mapaja, buibui na suruali fupi vinakaa pamoja. Tamasha la muziki la Sauti za Busara tangu 2004 wanaweka bei ya mwenyeji mbali na bei ya mgeni, ndiyo maana utamkuta na muuza urojo ndani. ZIFF, tamasha la filamu, nao walikuwa wakiteremka vijijini, Unguja na Pemba, na wakiweka shughuli za kina mama peke yao, kwa sababu walijua wapo wanawake ambao usiku mjini hawaendi, hata umpe tiketi na soda.

Na tusijidai kuwa mambo haya ni mapya. Taarabu ilikuwa ya jumba la mfalme, ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti binti Saad aliingia mjini kutoka Fumba akiuza vyungu, ukoo wa watumwa, akaimba kwa Kiswahili cha watu, nyumbani kwake Ng'ambo, watu wakajaa mpaka uani. 1928 akaenda kurekodi Bombay. Mlango wa jumba haukufunguliwa kwanza. Alianza kuimba, mlango ukamfuata.

#12 MkataTiketi

Binti wa Malindi, umenibana kweli kweli. Nimetafakari tangu mchana.

Jumamosi na Jumapili, saa kumi na nusu jioni. Mtu ameshaswali Alasiri. Igizo linachukua muda wa saa moja na nusu bila mgeni rasmi, saa kumi na mbili watu wanatoka, Magharibi hujaikosa, daladala zipo tele, na jua halijazama kwa mwanamke anayerudi peke yake. La usiku libaki kwa wanaolitaka. Tulijaribu mara moja, kwa bahati mbaya tu, kwa sababu usiku huo ukumbi ulikodishwa kwa harusi. Tukajaa. Kikaoni wakasema ni bahati.

#13 MamaZ

Mwanangu ana usonji, ana miaka tisa. Anapenda ngoma kuliko chakula. Akisikia zeze anatulia kama maji mtungini.

Nilimpeleka kwenye igizo la watoto. La watoto, nasisitiza. Dakika ya tano alianza kupiga kelele zake za furaha na kurusharusha mikono. Mwigizaji mwenyewe alitabasamu. Ila dada wa nyuma yangu akasema, "Kama huwezi kumlea, mwache nyumbani." Mhudumu akaja na tochi akanimulika usoni. Nikatoka. Sikumjibu yule dada, na hilo bado linaniuma.

Swali langu: hivi watoto kunyamaza gizani tumelitoa wapi? Bibi yangu akitoa hadithi anasema "Hadithi, hadithi!", sisi tunaitikia "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Asiyeitikia ndiye anayeonekana mgonjwa.

#14 KaskaziniMwaMto

MamaZ, pole dada yangu. Niko London mwaka wa nane, nasafisha ofisi usiku na mchana nalala, lakini maonyesho huwa sikosi.

Huku kumbi nyingi zina siku maalum za onyesho tulivu. Igizo ni lile lile, waigizaji wale wale. Taa za watazamaji hazizimwi zote, sauti inashushwa, milango inaachwa wazi, mtoto akitaka kutoka na kurudi mara kumi anatoka na kurudi. Kuna chumba cha pembeni cha kupumzika. Wiki moja kabla wanakutumia picha za jengo zima: mlango huu hapa, choo hiki hapa, atakayekupokea kavaa shati hili. Mtoto anafika anapajua. New York nako Oktoba 2011 walifanya hivyo kwa The Lion King, mara ya kwanza Broadway kwa ajili ya familia zenye usonji.

Kwa wasioona kuna vifaa vya masikioni, mtu anawasimulia kinachotendeka pale waigizaji wanaponyamaza, na kabla ya onyesho wanapandishwa jukwaani waguse nguo na viti. Hili la kugusa mtu anaweza kulifanya Bagamoyo kesho asubuhi, halihitaji umeme. Na kuna kikundi kinaitwa Graeae, tangu 1980, cha wasanii wenye ulemavu wenyewe. MagurudumuManne hapo juu angekipenda.

Msidhani huku ni peponi. Tiketi nyingine ni mshahara wangu wa siku mbili. Ninapokimbilia ni ukumbi wa Globe, ule wa Shakespeare, ambako kwa miaka mingi tiketi ya kusimama uwanjani iliuzwa pauni 5. Mvua inakunyeshea, lakini uko mita mbili kutoka kwa mwigizaji. 2012 pale pale Wakenya walicheza Shakespeare kwa Kiswahili.

#15 KidoleJuu

Sasa naona mnataka kila kitu. Walemavu, viziwi, watoto wa kelele, wa kuswali, wa Mbagala. Ukumbi utakuwa stendi. Sanaa inahitaji utulivu na ustaarabu.

#16 MamaZ

KidoleJuu, wewe ndiye uliyekaa nyuma yangu?

#17 WaRiverRoad

😂😂😂 Uzi ufungwe.

#18 MagurudumuManne

Usifungwe. KidoleJuu aje na mama yake mzazi ana miaka themanini, goti linauma, masikio yamepungua, kila saa anataka msalani. Ndipo tutaongea ustaarabu.

#19 Lindo_la_Usiku

Habari zenu wakubwa. Huwa sichangii, nasoma tu nikiwa lindoni. Mimi ni mlinzi. Sijui kama ni ukumbi wa mleta mada, inawezekana, inawezekana si huo.

Nimeona mlivyomsema mlinzi aliyemuuliza yule mama. Nataka mjue upande wa getini. Kampuni inakuleta lindo jipya, msimamizi anakwambia maneno mawili: "Chuja watu." Haelezi unachuja nani. Gari ya mgeni ikivunjwa kioo, mshahara wako unakatwa. Mgeni akilalamika, unahamishwa. Aliyekaribisha mtu vizuri hajawahi kuongezwa hata mia. Kwa hiyo unajifunza mwenyewe. Mimi nilikuwa naangalia viatu. Viatu vikiwa na vumbi nauliza, visipokuwa na vumbi sijawahi kuuliza. Yule Mzungu wa ndala sina maelezo yake, nisiwadanganye.

Mimi mwenyewe nikija kama mtazamaji na viatu vyangu, ningejiuliza.

Hakuna siku nimepewa ratiba ya onyesho. Mtu akiniuliza "leo kuna nini" nasema ulizia dirishani. Miaka miwili na nusu pale sikuwahi kuvuka mlango wa ndani, labda kwenda kuzima taa za korido.

#20 HesabuKali

Dah.

#21 MkataTiketi

Kaka, nimesoma ujumbe wako mara tatu.

Kila onyesho nilikuwa napewa tiketi nne za bure, za wafanyakazi. Miaka sita. Nilimpa shemeji, nilimpa kinyozi wangu, nilimpa afisa mkopo. Kutoka dirishani kwangu hadi getini palikuwa na hatua kama ishirini, na walinzi tulikuwa tunasalimiana kila jioni. Haikunijia hata siku moja.

Mwezi ujao kuna kikundi rafiki zangu wanafanya igizo, Jumamosi mchana, na nimeshaongea nao mazoezi yawe wazi. Nikutumie wapi ratiba? Uje na familia. Viatu vyovyote.

#22 Lindo_la_Usiku

Nashukuru sana mkuu. Nitaangalia zamu, nikiwa na mchana nitakuja na binti yangu, yuko darasa la sita.

Ila kama ni wewe wa ukumbi ule, nina swali limenikaa muda mrefu. Kuna igizo lilichezwa wiki tatu mfululizo, la mzee na kisima. Mimi nilikuwa nje nalisikia kwa ukutani. Kila siku mahali pale pale watu walikuwa wanacheka sana, halafu wananyamaza ghafla, kimya kabisa, mpaka nasikia feni. Kwani pale mzee alifanya nini?